Shangazi yangu, nesi aliyenunua mashua

Tangu tumzike Shangazi, kila anayekuja kutupa pole huja na kisa chake cha hospitali. Huyu alizalishwa naye, yule alichanjwa naye na alama bado anayo mkononi, mwingine alishonwa kisigino alipokanyaga chaza enzi ambazo hata baba yangu hazikumbuki vizuri. Tunawashukuru, na yote ni kweli. Lakini nikiwasikiliza naona anakumbukwa mtu mmoja tu, yule wa nguo nyeupe. Yule niliyemjua mimi zaidi hatajwi ila kwa kicheko: mwanamke mtu mzima wa Lamu aliyechukua kiinua mgongo chake akaenda nacho Matondoni kuundisha mashua.

Nataka kumwandika huyo wa pili. Wa kwanza atapita humu humu, kwa kuwa hawakuwa mbali sana, ingawa mwenyewe hakupenda kuambiwa hivyo.

Alizaliwa mtaa wa Mkomani, akasomea uuguzi na ukunga Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wasichana wa Lamu waliovuka Mokowe kwenda kusoma walikuwa wa kuhesabika. Aliporudi alipangiwa zahanati za kisiwa cha Pate. Alikuwa bado mgeni kazini ndui ilipokuwa ikifukuzwa huko kaskazini mwetu. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Shangazi alikuwa akisema mwaka ule hakuna kipele kilichopuuzwa. Nyumba kwa nyumba, mtoto kwa mtoto, akiwageuza viganja kuvitazama, maana ndui haiachi viganja. Halafu mwaka 1980 Kenya ikaanzisha mpango wa taifa wa chanjo, na kazi yake ikahamia majini.

Hili watu husahau. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kutoka Lamu hadi vijiji vya Pate hakuna barabara, kuna bahari na jua. Sanduku la baridi liliwekwa kwenye kivuli cha tanga, likafunikwa leso iliyolowa maji, na kila kivuli kilipohama Shangazi alilihamisha. Chanjo ya polio ndiyo aliyoihofia zaidi, kwani joto huiharibu upesi kuliko nyingine, na ikishaharibika huwezi kuiona kwa macho. Matone ni yale yale, mtoto anameza, mama anashukuru. "Ukichelewa njiani," aliniambia, "umewachelewea watu ambao hawatajua maisha yao kwamba ulichelewa."

Na alikuwa akitapika. Nesi wa serikali, nguo nyeupe, sanduku mapajani, kichwa nje ya ubavu wa chombo. Wanawake wakati ule waliketishwa pamoja chini ya turubai, hawaoni mbele wala nyuma, na kwa mtu anayechafukwa na moyo hapana mahali pabaya kuliko hapo. Nahodha mmoja mzee akamhurumia, akamwita nyuma kwake: njoo ukae hapa, shika kana, tazama ule mnazi ulioko mbali, usiutoe macho. Mkono ukiwa juu ya kana, kile kijiti cha usukani, na macho kwenye mnazi, tumbo likatulia. Safari iliyofuata alikwenda mwenyewe kwenye usukani bila kuitwa, na iliyofuata baada ya hiyo akaanza kuuliza mambo. Kwa nini umeilegeza demani, kamba ya tanga, hapa? Umejuaje kwamba upepo utageuka? Yule mzee hakuwa na mwana anayetaka kujua, basi akamjibu yeye. (Mpaka leo nikimwona mtu anabadilika rangi kwenye boti ya Mokowe namwambia aweke simu mfukoni atazame ng'ambo. Husaidia.)

Kisa kinachosimuliwa zaidi msibani ni cha Mkanda. Kwa asiyekujua, Mkanda ni ule mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kulia na kushoto, njia ya kutoka Pate kuja Lamu bila kupitia bahari kuu. Maji yakipwa, chombo hakipiti. Mama mmoja alijifungua nyumbani usiku, damu ikakataa kukata, wakamtia mashuani na mtoto wake. Katikati ya Mkanda maji yakawaacha, mashua ikakaa tope. Giza, mbu, na hakuna wa kuitwa, simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Shangazi alikuwa na sindano moja ya ergometrini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, akaichoma. Akamweka mtoto kifuani anyonye, kwa sababu kunyonya hulifanya tumbo la uzazi lijikaze. Akahakikisha mama amekojoa, maana kibofu kikijaa hulizuia lisikaze. Kisha akaweka kiganja chini ya kitovu, akawa anasugua kwa kuzungusha. Akilisikia linalegea, anasugua. Likikaza, anapumzisha mkono lakini hauondoi. Hivyo mpaka maji yaliporudi na mashua ikanyanyuka. Yule mama alikuja msibani akiwa na mjukuu.

Shangazi hakukipenda kisa hiki. Kikianzishwa alikuwa akiinuka kwenda kutazama chai. Sikuelewa mpaka siku moja tumetia nanga upande wa Manda, tunangoja upepo, akanieleza bila kuulizwa kwamba kulikuwa na safari nyingine, mama mwingine, Mkanda ile ile. Siku hiyo ilikuwa maji mafu. Asiyekaa pwani huenda asijue: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, katikati ya hapo, kama mwezi nane hivi na tena ishirini na mbili, hujaa kidogo na kupwa kidogo. Walikwama, wakangoja maji yajae, na yalipojaa hayakutosha kuiinua mashua, kwa kuwa ndugu wote wa mgonjwa walikuwa wamepanda kumsindikiza. Kulipokucha mama alikuwa amefariki.

"Nahodha aliujua mwezi," akasema. "Mimi ndiye sikuuliza. Ningeuliza, nusu ya watu wale ningewashusha gatini."

Tangu hapo kalenda ya Hijria ilitundikwa zahanati pale pale penye kitanda cha kujifungulia, na hakuna mgonjwa aliyepelekwa Lamu bila kwanza kujulikana leo mwezi ngapi na wanapanda wangapi. Wapo waliomwona mkali. Mume wa mtu akiachwa gatini hawezi kukushukuru usiku huo huo.

Sasa msomaji ataona njia imenyooka: nesi aliyeonja uchungu wa Mkanda akanunua mashua yake ili asaidie watu. Mtaani walidhani hivyo pia. Alipostaafu, kwa miaka 55 (umri haukuwa umepandishwa bado hadi 60, hiyo ilikuja 2009), wazee walimpongeza mapema kwa "mashua ya wagonjwa". Aliwajibu kwamba kazi ya wagonjwa ina wenyewe na inalipiwa mshahara, na yeye wake umekwisha. Mashua ni ya kutembelea.

Pesa zilichelewa kutoka, kama kawaida ya pesa hizo. Wakati zinangojwa, kila mtu alikuwa amekwisha zipangia. Wanawe walitaka kumalizia orofa ya juu. Baba yangu, kaka yake, alitaka afungue duka la dawa Langoni, na kusema kweli lilikuwa wazo la busara; tatizo lake moja ni kwamba lilikubaliwa na mtaa mzima kabla mwenyewe hajaulizwa. Zilipotoka alipanda punda akaenda Matondoni, mimi nyuma kwa miguu. Kule fundi akawa ananiuliza mimi, kwa kuwa ndiye mwanamume. Bibi anataka dhiraa ngapi? Anataka mkuku wa mbambakofi? Mimi wakati huo nilikuwa sijui mkuku, uti wa chini wa chombo, na taruma, mbavu zake. Shangazi akamwacha amalize, kisha akamwambia urefu anaoutaka, na kina, ili ipite Mkanda hata siku ya maji mafu, na kwamba ubavu usikatwe kwa kukisia. Fundi akageuza shingo. Kuanzia hapo hakuniuliza tena chochote.

Ubao uliponyooka wakapiga kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi ikisukumwa kwenye kila mshono kwa patasi na nyundo. Shangazi alikuwa akipita nyuma yao akiukagua mshono kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kutoka omo hadi tezi. Panapoingia ukucha, anaweka alama ya mkaa, wanarudia. Vijana walinung'unika. Mashua ile ilikaa majini mwaka wake wa kwanza bila kuhitaji kufuliwa maji ila ya mvua, nao wakaanza kuisifu kana kwamba wazo lilikuwa lao. Ikachorwa jicho kila upande wa omo kama mashua zote za kwetu, na ikaandikwa jina: Likizo. Miaka yote ya kazi alikuwa akiombwa aahirishe yake.

Baba alimnunia msimu mzima wa kusi. Mtaani walisema mwanamke na mashua wapi na wapi, tena mwenye wajukuu, tena aliyekwisha hiji. Sikumsikia akijibu. Alikuwa akishuka gatini baada ya sala ya alfajiri na buibui lake, akifika chomboni analikunja na kulifunga kiunoni, chini ana suruali, na kikapu chake kina chupa ya kahawa ya tangawizi na mkate wa mofa. Vijana wawili walikuwa wakishika foromali, ile boriti ya tanga, maana kuizungusha mbele ya mlingoti kunahitaji nguvu. Mimi nikiwa Lamu nilipewa demani. Kana hakumpa mtu kwa urahisi.

Na alipompa, palikuwa na utaratibu. Anasema, "Shika." Wewe huweki mkono tu, unatakiwa useme, "Nimeshika." Kisha unamwambia unaelekea wapi na upepo uko wapi, na hapo ndipo anaachia. Ukiweka mkono kimya, wake hauondoki, mnabaki mikono miwili juu ya kijiti kimoja mpaka useme. Mara ya kwanza niliona ni uzee. Baadaye sana nilimuuguza mwanangu wodini Mombasa, nikaona manesi wa usiku wakiwapokeza wa asubuhi, kitanda kwa kitanda, huyu kafanyiwa hivi, kabakisha hivi, na yule anarudia kwa sauti. Niliporudi Lamu nikamwambia, Shangazi, ile "nimeshika" yako umeitoa wodini. Akakataa katakata. Alisema ameifunza kwa yule nahodha mzee. Sikumwamini, na simwamini hadi leo.

Hapo ndipo tulipokuwa tukibishana siku zote. Mimi nilitaka mambo yashikane: wodi na mashua, damu na maji, subira ya huku na subira ya kule. Yeye hakutaka. Nchi kavu alikuwa wa kila mtu. Akipita njia kuu ya mji, anayetoka kwenye mlango humwonyesha jicho, anayetoka sokoni humwonyesha jipu, naye anasimama, anatazama, anasema nenda hospitali leo usiende kesho. Hakuwahi kumfukuza mtu. Chomboni ilikuwa marufuku. Mgeni mmoja, rafiki wa familia, alipanda akaanza habari ya magoti yake kabla tanga halijapanda. Shangazi akamwambia, "Hayo magoti yaache gatini, utayakuta." Tulicheka mpaka mwenye magoti akacheka.

Nilimuuliza siku moja bahari imemfunza nini, swali la mtu aliyesoma kidogo. "Siendi baharini kusoma," akasema. "Naenda kwa sababu nikiwa kule hakuna anayeniita."

Tulikwenda wapi? Mahali pa karibu tu. Aliipenda Takwa, ule mji wa zamani uliohamwa zamani huko Manda, ambako unaingia kwa mkono wa bahari kati ya mikoko maji yakiwa yamejaa, na ukichelewa kutoka unalala huko. Alikuwa akihesabu saa ya kuingia na ya kutoka, kisha anatandika mkeka chini ya mbuyu, karibu na lile kaburi la mnara, analala. Usingizi wa kweli, wa kukoroma. Miaka thelathini na ushei ya kulala sikio moja likiwa mlangoni, halafu unamwona mtu yule yule analala adhuhuri juu ya mkeka na mbuzi hawamwamshi. Mimi nilikuwa nikikaa na vijana tunakula mofa yake. Wakati wa mashindano ya mashua ya Maulidi alitia nanga pembeni ya njia akawapigia kelele wale wa mbele kwamba wanapoteza upepo. Mwenyewe hakushindana hata siku moja. Alisema amekimbia ya kutosha kwenye varanda za hospitali.

Kuna jambo moja nililolichukua kwake nikalitumia kila mahali, ingawa limenigharimu marafiki. Julai moja, kusi limechacha, walikuja wageni wa harusi kutoka Nairobi wakitaka atupeleke nje ya mlango wa Shela waone mawimbi. Tulikuwa tumekwisha ahidi. Akashuka gatini, akazunguka mashua kama alivyoizunguka kila siku, henza na jarari za kupandishia tanga, kana, kata ya kufulia maji, jaketi za kuokolea moja kwa kila kichwa, kisha akatazama upande wa Shela kwa muda. "Hatuendi." Hakueleza zaidi. Wageni wakakodi boti ya mashine, wakaenda, wakarudi jioni wamelowa wanacheka, na mmoja akamtania kwamba mbona hawakuzama. Usiku nikamuuliza kama hakuona haya. Akaniambia waliorudi salama hawajathibitisha kitu. Hata yule nahodha wa maji mafu alikuwa amepita Mkanda salama miaka mingi. Akaendelea kuchambua mchele wake.

Mei 2021 bandari mpya ya Lamu ilipofungua gati lake la kwanza huko Kililana, nilidhani atakasirika, kwa kuwa wavuvi wetu walikuwa wamelalamika sana na maji ya upande ule yalikuwa yamechafuka kwa uchimbaji. Kweli alisikitika juu ya wavuvi. Lakini pia alitaka kuziona meli. Tulikwenda siku ya upepo mwanana, tukakaa mbali kama inavyotakiwa, akatazama zile winchi ndefu kwa furaha ya mtoto. Aliuliza meli ile inakaa kina gani majini, na nani anaishika inapoingia Manda, kwa kuwa mkondo wa pale anaujua. Sikuwa na jibu. Aliudhika kidogo kwamba nimesoma na sina jibu.

Ugonjwa nitaupita haraka. Moyo ulichoka. Aligundua mwenyewe kabla ya daktari: aliketi ukingoni mwa mashua, akabonyeza muundi wake kwa kidole gumba, akakiondoa, akatazama lile shimo likikaa bila kujaa. Akabonyeza tena pengine. "Mh," akasema, akaushusha mguu wa suruali. Alikuwa mgonjwa mgumu, kama manesi wengi ninaowajua. Alitaka kuambiwa namba zake zote na alimsahihisha muuguzi kijana namna ya kufunga kipimo cha presha. Alikuwa na daftari la shule ambalo miaka yote aliandika tarehe ya mwezi, upepo na saa ya maji kujaa. Alipokatazwa kwenda majini alichora mstari katikati ya ukurasa, akawa anaandika upepo kushoto na presha kulia. Upepo aliutazama kutoka darini. Binti yake alipomwomba aache huo wa kushoto, kwamba hauna kazi tena, aliulizwa kama huo wa kulia una kazi.

Sasa tuko kwenye mirathi. Wana wawili wa kiume na binti mmoja, kwa hivyo kila kitu ni mafungu matano, na mashua nayo: mawili, mawili, moja. Mimi mtoto wa kaka sina fungu, na ni haki. Wana wanataka kuitia mashine wabebe watalii, au kuiuza kwa anayetaka kuitia mashine. Nimewatolea bei ya mafungu yao manne. Mkubwa anasema ni ndogo, ananitajia bei za boti za plastiki, na mimi namtajia mbao mbili za ubavu zilizooza upande wa demani ambazo lazima zitolewe kabla ya kaskazi. Binti amesema lake haliuzwi kwa yeyote, ila nikinunua yale mengine atapanda, na kana atashika yeye. Nimekubali. Fundi wa Matondoni ameshakuja kuitazama. Anataka nusu ya malipo mwanzo, na safari hii alizungumza na binti.